Jinsi ya kuandika nyaraka za moduli ya Puppet inayolinda seva kwa viwango vya CIS

Saa nane usiku simu ya zamu ililia. Programu tatu zilizokuwa zikiendeshwa ndani ya kontena za Docker (vifungashio vinavyotenga programu moja na nyingine kwenye seva) hazikuwa zikifikika. Nilipoingia kwenye seva nikakuta kontena zote ziko hai, lakini hazitoki nje wala hazipokei chochote. Nikawasha upya huduma ya Docker, zikarudi, nikalala. Haikupita nusu saa simu ikalia tena, tatizo lilelile. Nikawasha upya, zikarudi, zikapotea. Ilikuwa hivyo hadi alfajiri.

Asubuhi mwenzangu mmoja akataja kwamba jioni ile walikuwa wameweka moduli mpya ya kuimarisha usalama ya Puppet, chombo kinachosanidi seva kufuata msimbo ulioandikwa. Ndani yake mlikuwa na mstari unaoweka `net.ipv4.ip_forward`, mpangilio unaoamua kama seva itapitisha pakiti kati ya mitandao, kuwa 0, kama viwango vya usalama vya shirika la CIS (Center for Internet Security) vinavyotaka kwa seva isiyofanya kazi ya ruta. Docker nayo, kila inapowaka, huiweka thamani hiyo kuwa 1, kwa sababu bila hivyo kontena hazipati mtandao. Na wakala wa Puppet, asipoelekezwa vingine, hupita kila baada ya dakika 30 kurudisha kila kitu kama kilivyoandikwa. Vitu viwili vilikuwa vikivutana kamba usiku kucha juu ya tarakimu moja.

Msimbo wa moduli ile haukuwa na kosa. Kilichokosekana ni maelezo. README yake, yaani ukurasa wa maelezo unaokuja na moduli, ilisema "Moduli ya kuimarisha usalama wa seva za Linux", ikafuata amri ya kuiweka, basi. Hapakuwa na neno lolote la kusema kwamba inagusa mipangilio ya mtandao ya kerneli. Tangu siku hiyo nazihesabu nyaraka za moduli ya namna hii kuwa sehemu ya usalama wenyewe, na ninavyoziandika ndivyo nitakavyoeleza hapa. Natumia Puppet na Ubuntu 22.04, na moduli ya mfano nimeipa jina `ngome`. Anayetumia Ansible au Salt atabadilisha amri tu, kazi ni ileile.

## Wasomaji watatu

Wa kwanza ni mtu wa zamu. Hajawahi kuiona moduli yako, ana usingizi, na mteja anamsubiri. Wa pili ni mkaguzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania, na ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ya Kenya, zinamtaka mwenye taarifa za watu azilinde. PCI DSS, kiwango cha usalama cha kampuni za kadi, inamtaka anayeshughulikia data za kadi za malipo awe na viwango vya usanidi vilivyoandikwa na vinavyofuatwa. Sheria na viwango hivyo havikwambii `sshd` (huduma ya SSH, ya kuingia kwenye seva kwa mbali) iwe na thamani gani. Wewe ndiye unayechagua kiwango, na wewe ndiye utakayeonyesha ushahidi kwamba seva zako zinakifuata. Wa tatu ni mrithi, yule atakayekabidhiwa moduli ukishahamia idara nyingine.

Mahitaji yao yakigongana, mpe mtu wa zamu nafasi ya juu ya ukurasa. Mkaguzi ana siku tatu za kusoma, yeye ana dakika tano.

## Hatua ya 1: Kusanya ukweli kabla ya kuandika

Usiandike kwa kukumbuka. Hata kama msimbo ni wako, kuna kitu umekisahau. Chukua mashine pepe mpya, na kabla moduli haijaigusa hifadhi hali yake:

```
cp -a /etc /root/etc-kabla
sysctl -a 2>/dev/null | sort > /root/sysctl-kabla
systemctl list-unit-files --no-pager > /root/huduma-kabla
dpkg -l > /root/paketi-kabla
```

Endesha moduli kwa `--noop` (huonyesha kitakachobadilika bila kukibadilisha) kwanza na uhifadhi matokeo yake, kisha iendeshe kweli. Baada ya hapo linganisha: `diff -rq /root/etc-kabla /etc` itakuorodheshea kila faili la `/etc` lililobadilika maudhui, ingawa mabadiliko ya ruhusa pekee haitayaonyesha, na vivyo hivyo kwa orodha nyingine tatu ukizikusanya upya. Hiyo `--noop` peke yake haitoshi, maana panapotumika `exec` (kipengele cha Puppet kinachoendesha amri ya mfumo) itakwambia tu kwamba amri fulani ingeendeshwa, bila kukuonyesha ingebadilisha nini.

Kisha endesha moduli mara ya pili bila kugusa kitu. Safari hii inatakiwa ikae kimya kabisa. Ikibadilisha jambo lolote, ama kuna kosa kwenye msimbo, ama kuna programu nyingine inayoshindana nayo. Fanya jaribio hilo hilo kwenye seva inayofanana na zile za kazini, yenye Docker au hifadhidata yako, na uwashe upya huduma hizo katikati ya majaribio mawili. Sisi tungefanya hivyo, tatizo letu lingejitokeza mchana, kwenye mashine ya majaribio.

## Hatua ya 2: Taja kiwango kwa jina na toleo

"Inafuata CIS" ni sentensi isiyomsaidia mtu. Kila mfumo endeshi una kitabu chake cha CIS, kila kitabu kina matoleo, na kila toleo lina ngazi: Level 1 kwa ulinzi wa msingi na Level 2 kwa ulinzi mkali zaidi, tena tofauti kati ya seva na kompyuta ya mezani. Namba nazo huhama. Katika toleo 1.0.0 la Ubuntu 22.04 mambo ya SSH yalikuwa sehemu ya 5.2, katika 2.0.0 yakahamia 5.1. Takwa la kuzuia kupitisha pakiti (lile la `ip_forward`) lilikuwa 3.2.2, likawa 3.3.1. Mkaguzi mwenye kitabu kipya akisoma namba zako za zamani ataona umekosea kila mstari.

Aya ya kwanza ya `ngome` inasomeka hivi:

> `ngome` huweka matakwa ya CIS Ubuntu Linux 22.04 LTS Benchmark, toleo 2.0.0, Level 1 – Server. Hugusa SSH, PAM (uthibitishaji wa watumiaji), ngome ya moto, mipangilio ya kerneli na ruhusa za mafaili. Haigawi diski, haiweki nenosiri la GRUB (kiwashio cha mfumo), na haisanidi auditd (kumbukumbu za ukaguzi) kwa kuwa CIS imeiweka Level 2. Usiiweke kwenye seva ya kontena, VPN au NAT kabla ya kusoma "Kinachoguswa".

Ona kwamba nusu ya aya inasema isichofanya. Msomaji wa moduli ya usalama hudhani imefanya zaidi ya ilivyofanya, na dhana hiyo ni hatari kuliko seva ambayo kila mtu anajua haijalindwa.

Jambo dogo la haki za watu: usinakili maelezo ya CIS neno kwa neno. Vitabu vyao vina leseni yenye masharti. Weka namba, kisha eleza takwa kwa maneno yako.

## Hatua ya 3: "Kinachoguswa" kije kabla ya "Jinsi ya kuweka"

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Orodha isifuate alfabeti wala mpangilio wa msimbo. Ifuate madhara. Anza na yanayoweza kukufungia nje ya seva: SSH, PAM, ngome ya moto. Yafuate yanayoweza kuzima huduma inayofanya kazi. Mwisho ndiyo yale yasiyohisiwa na mtu, kama ruhusa za `/etc/crontab`.

Kila kipengele kikubwa nakipa sehemu nne. Hiki ndicho kile cha usiku wangu (Hiera ni mahali Puppet husoma thamani za kila seva, na msamaha nitaueleza hatua ya 7):

> Kupitisha pakiti kati ya mitandao
> Inaweka: `net.ipv4.ip_forward` = 0
> Inavunja: Docker, Kubernetes, seva ya VPN inayopitisha wateja wake, seva yoyote ya NAT.
> Dalili: kontena ziko hai lakini hazifikiki. Zinarudi Docker ikiwashwa upya, kisha zinapotea tena ndani ya nusu saa.
> Dawa: `ngome::mtandao::pitisha_pakiti: true` kwenye Hiera ya seva hiyo, kisha andika msamaha.

Sehemu yenye thamani kuliko zote ni Dalili. Mtu wa zamu hajui kwamba tatizo linaitwa `ip_forward`. Angelijua asingehitaji README. Anachokijua ni anachokiona, na hicho ndicho atakachokitafuta kwenye ukurasa. Kwa hiyo andika dalili kwa maneno ambayo watu wa timu yako huyatumia kwenye kundi la WhatsApp mambo yakiharibika. Kama kwenu watu husema "mtandao umekata" au "inaload tu", yaandike hayohayo.

Mifano mingine inayostahili kipengele chake: `noexec` kwenye `/tmp` hukwamisha visakinishi vinavyojifungua humo, na dalili yake ni "Permission denied" hata ukiwa root. PAM ikifunga akaunti baada ya majaribio kadhaa, akaunti ya mtambo yenye nenosiri la zamani hujifunga yenyewe, na kazi ya usiku ya kuhifadhi nakala haifanyiki. Ukija kupanda Level 2 baadaye, kumbuka kwamba kuzima `squashfs` (aina ya mfumo wa mafaili) kunaua paketi zote za snap.

## Hatua ya 4: Namna ya kuanza, na namna ya kusimamisha

Mwanzo uwe mfupi: seva moja, `--noop` kwanza, na dirisha la pili la SSH likiwa wazi muda wote. Onyesha amri na pia kile mtu anachotakiwa kukiona baada yake, maana amri bila tokeo humwacha msomaji akibahatisha.

```
puppet agent --test --noop
```

Kwenye matokeo kila mabadiliko yanayosubiri yana neno `(noop)` mwishoni mwa mstari, pamoja na thamani ya sasa na ile itakayowekwa. Mwambie msomaji ahesabu mistari inayotaja SSH na ngome ya moto, aisome mmoja mmoja, kabla ya kuondoa `--noop`.

Papo hapo, si mwisho wa ukurasa, weka amri ya kusimamisha:

```
puppet agent --disable "Kontena hazifikiki, tunachunguza"
```

Wakala hatapita tena mpaka mtu aandike `puppet agent --enable`, na sababu uliyoiandika itaonekana kwa atakayejaribu kumwendesha. Amri hiyo moja, kama ingekuwa kwenye README ile, ingenipa usingizi wangu wote.

## Hatua ya 5: Eleza parameta ndani ya msimbo

Maelezo ya parameta yakikaa kwenye ukurasa wa mbali na msimbo, baada ya miezi michache yatakuwa yanasema uongo. Yaandike juu ya klasi yenyewe, na Puppet Strings, chombo cha kutengeneza rejea kutoka kwenye msimbo, itayatoa:

```
# @summary Mipangilio ya kerneli inayohusu mtandao
#
# @param pitisha_pakiti
#   Ikiwa false, seva haipitishi pakiti kati ya mitandao (CIS 3.3.1).
#   Weka true kwenye seva za Docker, Kubernetes, VPN au NAT.
#   Ukiweka true, ongeza msamaha katika MISAMAHA.md.
#
# @example Seva ya kontena
#   class { 'ngome::mtandao':
#     pitisha_pakiti => true,
#   }
class ngome::mtandao (
  Boolean $pitisha_pakiti = false,
) {
```

Amri `puppet strings generate --format markdown` hutengeneza faili la `REFERENCE.md`. Iweke kwenye mtambo wenu wa kujaribu msimbo, ikifuatiwa na `git diff --exit-code REFERENCE.md`, ili anayebadilisha parameta bila kutengeneza upya rejea akataliwe palepale.

Maelezo ya kila parameta yajibu maswali mawili: nikiibadilisha kitatokea nini, na ni nani anayehitaji kuibadilisha. "Huweka thamani ya pitisha_pakiti" ni kurudia jina. Na jina lenyewe liwe la kukubali. Parameta iitwayo `usizuie_x` ikiwekwa `false` humlazimisha mtu kukanusha ukanushaji, na saa nane usiku atakosea.

## Hatua ya 6: Ramani ya matakwa

Hii ni ya mkaguzi. Iwe faili lake, `RAMANI.md`, lenye mstari kwa kila takwa la kitabu, yakiwemo yale msiyoyatekeleza.

| Namba | Takwa | Hali | Uthibitisho |
|---|---|---|---|
| 1.1.2.1.1 | `/tmp` iwe na sehemu yake ya diski | Haitekelezwi | `findmnt /tmp` |
| 1.4.1 | Nenosiri la GRUB | Kwa mkono | Kitabu cha ujenzi wa seva |
| 3.3.1 | Seva isipitishe pakiti | Inatekelezwa, kuna msamaha | `sysctl net.ipv4.ip_forward` |
| 5.1.20 | root asiingie kwa SSH | Inatekelezwa | `sshd -T \| grep -i permitrootlogin` |

Safu ya mwisho ndiyo inayotenganisha ramani ya kweli na ahadi. Chukua huo mstari wa SSH. Watu wengi huandika `grep PermitRootLogin /etc/ssh/sshd_config`, na hapo wanajidanganya. Kwenye Ubuntu 22.04 faili hilo lina `Include /etc/ssh/sshd_config.d/*.conf` karibu na juu kabisa, na `sshd` hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo. Faili dogo ndani ya saraka ile, kama `50-cloud-init.conf` ambalo cloud-init (programu inayoandaa seva inapowaka mara ya kwanza) huliandika kwa habari za nenosiri, litashinda chochote mlichoandika chini yake. Seva itasema hivi, `grep` itasema vile. `sshd -T` huonyesha thamani zinazotumika kweli baada ya mafaili yote kusomwa. Kila uthibitisho kwenye ramani uulize hali halisi ya seva, usiulize faili mliloliandika wenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo moduli isijikague. Tumia chombo kingine, OpenSCAP kwa mfano, na uhifadhi ripoti yake:

```
oscap xccdf eval \
  --profile xccdf_org.ssgproject.content_profile_cis_level1_server \
  --report ripoti.html ssg-ubuntu2204-ds.xml
```

Angalia kwanza chombo hicho kinafuata toleo lipi la CIS. Kikitofautiana na lenu, liandikeni hilo juu ya ramani kabla mkaguzi hajaligundua.

## Hatua ya 7: Misamaha

Hakuna seva za kazini zinazotimiza matakwa yote. Msamaha ulioandikwa vizuri mkaguzi huukubali. Asichokubali ni pengo lisilo na maelezo. Kila msamaha uwe na seva zinazohusika, namba ya takwa, sababu, kinga mbadala, cheo cha aliyeidhinisha pamoja na namba ya tiketi, na tarehe ya mwisho.

> 3.3.1, seva za kundi la kontena. Docker inahitaji kupitisha pakiti. Kinga: sera ya mnyororo wa FORWARD ni DROP, na seva hizi zina kadi moja tu ya mtandao. Ameidhinisha: mkuu wa usalama wa taarifa. Kupitiwa upya: kila baada ya miezi 6.

Tarehe ya mwisho ndiyo watu huiruka, na msamaha usio na tarehe hugeuka kuwa desturi ambayo hakuna anayekumbuka ilianza vipi.

## Hatua ya 8: Kurudi nyuma

Andika hili kwa herufi nzito: kuondoa klasi hakurudishi seva ilivyokuwa. Puppet ikiacha kusimamia kitu, hukiacha katika hali ya mwisho iliyokiweka. Anayefuta `include ngome` akidhani amemaliza ataikuta seva imefungwa vilevile. Kwa kila kipengele cha "Kinachoguswa" eleza namna ya kurudi: thamani ya kuweka, huduma ya kuwasha upya, au paketi ya kurejesha. Yale mafaili ya `-kabla` uliyoyahifadhi hatua ya 1 ndiyo yatakayokupa thamani za awali.

## Hatua ya 9: Matoleo

Kwa moduli ya usalama, kukaza chaguo-msingi ni badiliko kubwa hata kama ni mstari mmoja. Ukibadilisha `pitisha_pakiti` kutoka `true` kwenda `false`, toleo litoke 1.4.2 hadi 2.0.0, na daftari la mabadiliko litaje dalili, si jina la parameta peke yake. Kuhamia kitabu kipya cha CIS vilevile ni toleo kubwa, kwa kuwa namba zote za ramani zimehama.

## Hatua ya 10: Mpe mtu asiyeijua

Tafuta mwenzako ambaye hajawahi kuifungua moduli. Mpe mashine pepe mpya na ukurasa wako, kaa pembeni, ufunge mdomo. Kila anaposita andika mstari aliokuwa akiusoma, na kila anapotaka kukuuliza mwambie aendelee kutafuta. Utatamani sana kumsaidia. Usimsaidie, kwa sababu usiku wa tatizo hutakuwepo.

Kisha mvunjie kitu makusudi. Mimi jaribio langu huwa lilelile: mashine yenye Docker, moduli imewekwa na chaguo-msingi zake, kontena ziko hai na hazifikiki. Namwuliza afanye nini. Akifika kwenye Dalili, akasimamisha wakala, akaweka parameta kwenye Hiera na kufungua `MISAMAHA.md` bila kunigeukia, ndipo ninapoidhinisha tawi liingie kwenye msimbo mkuu.